Taa ya Kijani na Seli ya Katikati

Taa ya kijani ya chaja ilikuwa imewaka tangu alfajiri. Nilichomoa chaja, nikapanda trekta, nikashusha kikatio na kuanza kazi. Sehemu ya tambarare ilikwenda vizuri. Kwenye mwinuko mlio wa mota ukaanza kushuka, visu vikawa vinalaza nyasi badala ya kuzikata, na sindano ya volti ikaanguka hadi kwenye eneo jekundu. Nikazima visu, nikabaki kitini nikiitazama. Haikupita muda sindano ikapanda yenyewe hadi pale inapodai kuwa chaji iliyobaki ni zaidi ya nusu. Nikawasha visu. Ikaanguka tena.

Nililirudisha trekta bandani na kuliunganisha na chaja, nikijua litakaa hapo saa nyingi. Taa ikawa ya kijani kabla sijamaliza kusafisha visu.

Chaja inasema betri zimejaa. Mwinuko unasema hazijajaa.

Wiki kadhaa nimelibeba swali hilo kichwani, na nimeona bora niliandike, maana nilipoanza kulichimba niligundua kuwa watu wengi tunaotumia matrekta haya ya bustani tunaiamini taa kuliko tunavyoziangalia betri zenyewe.

## Imejaa nini?

Trekta langu linabeba betri sita za volti 6, hizi za maji ya asidi zinazotumika kwenye magari ya gofu, zilizofungwa kwa mfululizo kupata volti 36. Ni mpangilio wa zamani. General Electric waliutumia kwenye matrekta yao ya Elec-Trak yaliyoanza kutoka mwaka 1969, na wanaofufua au kujiundia trekta la umeme wengi wao bado wanaufuata. Wana sababu. Betri moja ina karibu kilo 28, na uzito ambao kwenye gari ungekuwa mzigo, kwenye trekta ndio unaokandamiza magurudumu yasiteleze.

Ila tukisema "betri sita" kuna jambo tunalifunika. Kila betri ina seli tatu ndani yake, kwa hiyo zipo seli 18, na mkondo ule ule unapita katika zote, moja baada ya nyingine. Chaja haizioni seli hizo. Inachoona ni ncha mbili tu, chanya ya mwanzo na hasi ya mwisho. Inasukuma volti hadi kiwango ilichopangiwa, ambacho kwa betri za maji za volti 36 ni kati ya 43 na 45 hivi, kisha inatoa hukumu moja kwa seli zote 18.

Taa ya kijani ni wastani.

Mwinuko hauna habari na wastani.

## Nyaya kwanza

Kabla ya kuzishtaki betri nilizishuku nyaya, na bado naona huko ndiko pa kuanzia, maana waya hausafishwi kwa gharama ya betri mpya. Trekta likipanda huku visu vinazunguka, mkondo unaweza kuvuka ampea 100. Kwa mkondo wa namna hiyo, kiungo kinachopoteza volti 0.1 kinatoa wati 10 za joto. Kikipoteza 0.5 ni wati 50, na kidole kitakuambia chenyewe.

Ukipima ukinzani wa kiungo hicho kwa mita ya kawaida trekta likiwa limesimama, utaambiwa ni sifuri. Dawa ni kupima volti kutoka kichwa cha betri hii hadi kichwa cha betri inayofuata, juu ya waya unaoziunganisha, wakati mzigo upo. Nilichukua nyaya mbili ndefu nyembamba, kila moja na fyuzi yake ndogo, nikazipitisha hadi kwenye usukani ili nisome mita nikiwa nimekaa, mikono mbali na visu. Ncha za waya zilibana risasi yenyewe ya kichwa cha betri. Ukibana nati utakuwa unapima nati.

Viungo vingi vilisoma chini ya 0.05. Kimoja kilisoma 0.3.

Nilipokifungua, chini ya kishikio kulikuwa na ukoga mweupe ulioanza kugeuka kijani pembeni. Nilihakikisha vifuniko vya seli vimebana, maana soda ikidondokea ndani inaiua asidi, kisha nikamimina maji yenye bikabonati ya soda, ile ya kuokea. Povu likapanda, likatulia. Brashi ya waya, maji safi, kitambaa kikavu, nati ikakazwa, na mafuta ya mgando yakapakwa juu mwisho kabisa, baada ya chuma kukutana na risasi. Spana niliyotumia imezungushiwa utepe wa kuhami mpini wote, na pete ilikuwa mfukoni. Betri za aina hii zikikutanishwa ncha kwa ncha na kipande cha chuma, chuma hicho kinashika kikiwa chekundu, na wewe unaweza kuwa umekishika.

Trekta likapata nguvu. Kidogo. Kwenye mwinuko mota ilichelewa tu kulalamika.

## Pengine nadai kisichokuwepo

Hapa nilisita. Huenda betri zilikuwa nzima na tatizo ni matarajio yangu.

Ubavuni zimeandikwa ampea-saa 225. Ukichukua namba hiyo na kuigawa kwa ampea 75, ambazo ndizo trekta hunywa kwa wastani likikata nyasi, unapata saa tatu kamili. Hesabu tamu, lakini haipo duniani. Zile 225 zimepimwa kwa kuimaliza betri polepole ndani ya saa 20, yaani kwa ampea 11 na ushee. Ukiivuta kwa kasi, asidi iliyogusana na mabamba ya risasi yaliyo ndani inatumika haraka kuliko ile ya mbali inavyoweza kusogea kuchukua nafasi yake, na volti zinaporomoka huku bado kuna kitu ndani. Mjerumani Wilhelm Peukert aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1897, na hadi leo hakuna aliyeipata njia ya kuikwepa. Betri ya ukubwa huu ikivutwa ampea 75 bila kupumzika hutoa dakika 115 hivi. Hizo ni karibu ampea-saa 145, si 225.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza ile sindano iliyopanda yenyewe nilipozima visu. Asidi ya mbali ilikuwa inasogea kwenye mabamba.

Sasa, anayetaka betri zake zidumu havuki nusu ya chaji. Kwa hiyo ukataji wa kweli, wa kiungwana, ni kama saa moja hivi. Nikikubali hesabu hiyo, bado nilikuwa na deni la kudai: trekta langu lilikuwa linakata tamaa hata nusu ya saa hiyo haijafika.

## Boya ndani ya kioo

Haidromita ni kifaa kinachodharauliwa. Ni bomba la kioo lenye mpira wa kubonyeza juu, mrija chini, na boya dogo lenye mistari ndani yake. Unabonyeza mpira, unaingiza mrija kwenye seli, unaachia taratibu, na maji ya asidi yanapanda hadi boya linaelea. Mstari ulio sawa na uso wa maji unakupa uzito wa asidi hiyo ukilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000. Betri ya maji iliyojaa husoma kama 1.270 hivi. Ikifika nusu, inashuka hadi karibu na 1.180. Asidi ikiingia kwenye mabamba wakati wa kazi, maji yanabaki mepesi. Ikirudi wakati wa kuchaji, yanakuwa mazito. Jambo hilo halijabadilika tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza betri ya kwanza ya namna hii mwaka 1859.

Ni kazi ya kero. Unavaa miwani ya kukinga macho na glavu. Boya linapenda kunata ukutani mwa kioo, lazima ugonge kidogo kwa ukucha. Povu dogo likilishika kwenye shingo, linaelea juu kuliko inavyostahili na unapata habari njema za uongo. Unajaza na kurudisha maji mara mbili tatu kwenye seli ile ile kabla ya kusoma, ili kioo kichukue joto la asidi. Kisha unarudia. Seli 18.

Betri tano hazikuwa na neno: 1.265, 1.270, 1.275, mle mle.

Betri ya nne, iliyo nyuma chini ya kiti, ilisoma 1.270 kwenye seli ya kushoto. Kulia, 1.270. Katikati, 1.195.

Niligonga kioo. Nikarudisha maji, nikavuta upya. 1.195.

## Volti zilizojificha

Ipo hesabu moja ya mafundi wa betri ninayoipenda kuliko zote. Chukua namba ya haidromita ya seli iliyopumzika, ongeza 0.84, na jibu ni volti za seli hiyo kwa ukaribu wa kutosha. Seli ya 1.270 ina volti 2.11. Seli ya 1.195 ina volti 2.035.

Kwa hiyo betri nzima isiyo na kasoro inatoa 6.33, na betri yangu ya nne 6.255. Jumla ya sita zote, kama zingekuwa nzima, ni volti 37.98. Jumla yangu ilikuwa 37.90.

Tazama tofauti hiyo. Seli iliyopoteza zaidi ya theluthi ya chaji yake imejificha nyuma ya volti 0.08 kati ya karibu 38. Baridi ya asubuhi inaweza kuzificha. Mita isiyo makini inaweza kuzificha. Ile chaji ya juujuu inayobaki kwenye mabamba kwa saa kadhaa baada ya kuchomoa chaja inazificha kabisa. Wanaojisifu kwamba "napima volti kila wiki" wanapima kitu, lakini si hiki.

Chini ya mzigo ndipo ilipojianika. Nilipopanda mwinuko na zile nyaya zangu ndefu, betri nyingine zilishika 5.8. Ya nne ilianguka hadi 5.1.

Na hapo kuna hatari kubwa kuliko kazi kukatika. Seli dhaifu ikimaliza ilichonacho, nyingine 17 hazisimami kuisubiri. Zinaendelea kusukuma mkondo ndani yake, na inaanza kuchajiwa kinyume, chanya ikielekea kuwa hasi. Seli iliyopitia hayo mara nyingi haponi. Ndiyo maana siku hizi sindano ikianguka kwenye mwinuko nashuka nao, hata kama imebaki mistari miwili ya nyasi na jua linazama.

## Kuzichemsha

Kwa nini seli moja ibaki nyuma wakati zote zimechajiwa pamoja?

Maelezo ya kawaida ni kwamba haikuwahi kujaa. Chaja inapofikisha volti ilizopangiwa, betri za maji huwa zimefika kama asilimia 80. Asilimia 20 za mwisho ndizo zenye uvivu, zinakula saa nne na zaidi huku mkondo ukipungua kidogo kidogo. Chaja yenye haraka inawasha taa mapema. Kinachobaki kwenye mabamba ni salfeti ya risasi, laini mwanzoni, lakini ikiachwa wiki hadi wiki inageuka fuwele kubwa ngumu ambazo mkondo wa kawaida hauzitikisi. Fuwele zinaongeza ukinzani, ukinzani unazifanya volti zipande upesi zaidi, na chaja nayo inawasha taa mapema zaidi. Seli yenye kasoro ndogo kuliko wenzake ndiyo inayoanza kuumia.

Baridi nayo inachangia. Kila nyuzi moja ya Selsiasi chini ya 25 inahitaji kama volti 0.005 zaidi kwa seli. Zidisha kwa 18, halafu chukua banda lenye nyuzi 5: volti 1.8 zimepungua, na chaja isiyo na kipima joto haijui kitu.

Dawa ni kuzichaji kupita kiasi kwa makusudi. Baada ya betri kujaa kwa kawaida, unapandisha volti hadi 2.6 hivi kwa seli, karibu 47 kwa jumla, kwa mkondo mdogo wa ampea 7 hadi 11 kwa betri za ukubwa huu. Seli zilizojaa zinachemka tu, zinapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, huku zilizobaki nyuma zikipata muda wa kuzifikia. Yapo ya kuzingatia hapo: mabamba yawe yamefunikwa na maji, milango ya banda iwe wazi kwa sababu haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, kontrola ya trekta, ile inayodhibiti mota, iwe imetenganishwa maana nyingine hazivumilii volti hizo, na asidi isivuke nyuzi 50 za joto. Betri kavu, za jeli au za pamba ya kioo, hazifanyiwi hivi kabisa. Maji zinayoyapoteza hayawezi kurudishwa.

Nilikaa nazo nikisoma seli ile kila baada ya saa moja.

1.195. Kisha 1.210. Kisha 1.225. Nilianza kufurahi.

1.235. 1.240.

1.240. 1.240.

Ikagoma hapo.

## Sinia la chuma

Seli ikigoma kupanda, jibu jepesi ni kwamba imekufa, salfeti imeganda au mabamba yamegusana. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaza betri mpya. Kilichonizuia ni mapovu.

Seli yenye mabamba yaliyogusana haichemki, inapata moto tu. Seli iliyoganda salfeti, volti zake haziendi sawa na za jirani. Nilimulika tochi yenye kioo kilichofungwa kwenye tundu la katikati, kisha kwenye ya kushoto, kisha kulia. Zote tatu zilikuwa zinachemka sawasawa, mapovu madogo mengi yanayofanya maji yawe meupe. Volti za betri ile wakati huo zilikuwa 7.9, sawa na jirani zake. Kwa kila dalili ya umeme, seli ya katikati ilikuwa imejaa. Maji yake tu ndiyo yaliyokuwa mepesi.

Nikaitoa betri ili nione chini yake. Kilo 28 kutoka chini ya kiti ni kazi ya mgongo, sitapamba maneno. Chini palikuwa na sinia la chuma, na sinia lilikuwa limeliwa. Rangi imebabuka, kutu nyekundu, na tundu la kupitisha kidole gumba, upande mmoja tu, pale ambapo maji yakifurika kutoka tundu la katikati na kuteleza ubavuni yangefika.

Asidi ya seli hiyo ilikuwa imekula chuma. Haikuwa ndani ya betri tena.

Kinachotokea ni hiki, na trekta langu limepita mikononi mwa wengine kabla yangu. Mtu anaona maji yamepungua, anajaza hadi shingoni kabla ya kuchaji. Betri ikichaji, maji yanavimba kwa joto na mapovu, yanafurika. Kinachofurika ni asidi. Wiki zinazofuata maji yanapungua tena, anaongeza maji. Kila mzunguko asidi inatoka na maji yanaingia. Hakuna chaja duniani itakayoirudisha, kwa sababu chaja inaweza kuitoa asidi kwenye mabamba, haiwezi kuitoa kwenye sinia.

Kwa hiyo nilikuwa na majibu mawili mahali nilipotaka moja. Kutoka 1.195 hadi 1.240 ilikuwa kiu ya kuchajiwa, nayo imepona. Kutoka 1.240 hadi 1.270 ni asidi iliyopotea, nayo haitarudi.

## Kuiongeza?

Hili ndilo lililonikalia muda mrefu zaidi.

Sheria inayorudiwa kila mahali ni kwamba usiongeze asidi kwenye betri iliyokwisha kutumika, ongeza maji tu. Ni sheria nzuri kwa sababu inazuia uharibifu mwingi. Maji yanapotea kwa kuchemka, asidi inabaki. Anayejazia asidi anaifanya iwe kali kupita kiasi, na mabamba yanaliwa. Lakini seli yangu haikuangukia kwenye sababu ya sheria hiyo. Asidi yake imepungua kweli. Mafundi wenye uzoefu hurekebisha seli kama hiyo, ikiwa imejaa kabisa, kwa kuvuta maji kidogo na kurudisha asidi iliyochanganywa tayari, kisha kuichemsha ichanganyike.

Nilifanya hesabu. Kutoka 1.270 hadi 1.240, asidi halisi iliyopungua ni karibu moja ya nane. Asidi si mpita njia kwenye betri hizi, ni sehemu ya kinachotumika kutoa umeme, hivyo seli hiyo itaishiwa mapema kuliko nyingine kwa kiasi cha kuonekana. Lakini kama siku zote nashuka mwinukoni chaji ikifika nusu, ile moja ya nane ninaigusa wapi?

Upande wa pili, nikikosea kipimo, ninaifanya seli moja kuwa kali kuliko 17 nyingine, na haidromita itanionyesha 1.270 ya kughushi hata siku mabamba yake yakianza kufa. Nitakuwa nimejipofusha kwa mkono wangu, nimerudi kwenye taa ya kijani nyingine. Hoja hiyo ndiyo iliyonishinda. Sikuongeza.

Wala sikununua betri moja mpya kuiweka kati ya tano za umri. Seti ikiwa changa, chini ya mwaka hivi, kubadilisha moja ni sawa. Hizi zimekula chumvi, na betri mpya kati yao ingelazimika kuishi kwa mwendo wa wazee.

## Maji, tukiwa hapo hapo

Ninavyofanya sasa: nachaji kwanza hadi mwisho, ndipo najaza. Kama mabamba yameonekana juu ya maji kabla ya kuchaji, naongeza ya kuyafunika tu, si tone zaidi. Nikijaza baada ya kuchaji, naishia milimita tatu hivi chini ya ule mrija wa plastiki unaoning'inia ndani ya tundu. Maji yaliyokenekwa, na soma chupa mara mbili, kwa sababu kuna sehemu wanapokuuzia asidi ukisema "maji ya betri." Ya bomba yana madini yanayobaki ndani milele.

Na ukisha kuongeza maji usipime na haidromita siku hiyo. Maji mapya yanakaa juu, asidi nzito iko chini, na mrija unavuta ya juu. Subiri ichaji na kuchemka kidogo. Nashuku seli nyingi zimehukumiwa kifo kwa kosa hili.

## Zinapokaa bila kazi

Trekta la bustani lina msimu wake, na betri za maji hazina. Zikikaa tu zinapoteza asilimia 5 hadi 15 kwa mwezi, joto likizidi na upotevu unazidi. Betri iliyoachwa nusu kwa miezi mitatu inaganda salfeti bila kufanya kazi hata ya dakika moja. Kwenye nchi za baridi kali inaganda barafu vilevile, kwa sababu asidi nyepesi haina kinga. Mimi nazijaza kabisa, nazichomoa kutoka kwenye trekta ili saa na taa ndogo zisizinyonye, na zikishuka kufikia asilimia 70 nazichaji tena. Chaja ya kushikilia yenye volti 40 hivi kwa seti nzima nayo inafaa, mradi mtu anakumbuka kutazama maji.

Sijaziacha kwenye chaja hiyo. Sababu mnaijua: inazishikilia seli 18 kwa volti za jumla.

Betri ya nne nimeibadilisha mahali na ya kwanza, ikaja mbele chini ya boneti. Kwenye mfululizo mkondo ni ule ule popote inapokaa, kwa hiyo umeme haukujali. Mgongo wangu ulijali: sasa naifikia bila kung'oa kiti. Sinia nimelikata, nikachomelea kipande kipya na kutandika mpira juu yake. Mara moja kwa mwezi nazichemsha zote na kuisoma ile ya katikati kabla ya nyingine. Mara zote imekuwa 1.240, na mwinuko inaupanda kwa 5.7 wenzake wakiwa 5.8. Nimeandika 1.225 kwa kalamu ya wino mzito juu ya ganda lake. Ikisoma chini ya hapo baada ya kuchemshwa, zote sita zinakwenda kwa wanaoyeyusha risasi, na seti mpya itaingia na haidromita yake kuanzia siku ya kwanza.